Mwaka Nilipogeuka Dada Yake Guyo

Kruuu, kruuu, kruuu. Nikifumba macho hata sasa nausikia huo mlio: jerikeni tupu ya lita ishirini ikiburutwa kwenye sakafu ya simiti, kutoka chumba cha mwisho wa korido hadi mferejini, alfajiri, kabla hata muadhini hajasafisha koo. Jerikeni ya kwanza ilikuwa ya kuota nayo. Ya pili unageuka upande. Ya tatu unajua maji yamekuja kweli, na ukisikia ya tano ukiwa bado umelala, basi siku hiyo utanawa uso kwa kikombe na kumshukuru Mungu. Hosteli yetu ya wasichana hapo Isiolo haikuwa na kengele. Ilikuwa na jerikeni.

Mwaka huu mlio huo umenirudia mchana kweupe, nikiwa nimeketi kwenye mkeka katika matanga ya Shangazi Talaso. Nilikuwa nimekuja kama watu wote, na leso yangu na sukari kilo mbili, nikatafuta mahali kule nyuma na majirani. Mama mmoja akanishika mkono akanivuta hadi mbele kabisa, kwa mabinti wa nyumba. "Wewe ukae huku," akasema, kama mtu anayerudisha sufuria mahali pake. Baadaye mwanamume mmoja mrefu akaingia na watoto wawili, akawasukuma mabegani polepole. "Msalimieni shangazi yenu." Watoto wakanipa mikono. Huyo mwanamume alikuwa Guyo. Nikawauliza darasa gani, nikawasifu viatu, na ndani yangu sikujua nicheke ama nilie. Nina miaka thelathini na moja, mimi ni mpishi, nina kucha fupi na ndoto nyingi, na mwaka ule mmoja wa hosteli bado sijauelewa. Nauandika hivyo hivyo. Nisingoje kuuelewa kwanza, maana naona nitangoja sana.

Nilifika chuoni na sanduku la bati, godoro lililokunjwa kwa kamba, na barua iliyosema nimekubaliwa kozi ya upishi, cheti, mwaka mmoja. Barua haikusema kitanda. Matroni, mama Mturkana mnene mwenye sauti ya upole na macho ya kuchoka, alifungua daftari lake kubwa, akafunga. "Hosteli imejaa, mama. Tafuta msichana akushike mpaka nafasi itokee." Hiyo ndiyo tuliita kupairet: unalala kwa kitanda cha mtu mwingine bila jina lako kuwa kwa daftari, na mwenye kitanda akikuchoka, wewe na godoro lako mko nje. Nikaburuta sanduku kwenye korido nikipiga hodi. Chumba cha kwanza walinicheka. Cha pili walisema wako sita tayari. Cha tatu mlango ulikuwa wazi, na msichana mmoja alikuwa amesimama juu ya kitanda cha juu, anapigilia msumari wa pazia kwa kisigino cha kiatu.

Alinisalimia kwa Kiswahili, nami sijui kilichonipata, nikamjibu kwa Kiborana. Nilikulia Biliqo, kijiji cha Waborana; jinsi tulivyofika huko si hadithi ya leo. Kiborana kilinitoka kama maji ya mfereji siku yanapokuja. Akashuka kitandani na kiatu mkononi.

"Kumbe! Wa wapi wewe?"

"Biliqo."

"Unaitwa?"

"Sara."

"Sara. Haya, kuna Wakristo huko pia. Sabo ama Gona?"

Kwa asiyejua: Waborana wote wamegawanyika mafungu mawili, Sabo na Gona. Wa fungu hili anaoa kwa fungu lile. Wa fungu lako mwenyewe ni ndugu yako, hata kama hamjawahi kuonana. Siku hizi wengi mjini hawajali tena, lakini kuna nyumba zinazoshika, na nyumba ya kwao huyu msichana ilikuwa inashika sawasawa. Mimi ni Mmeru. Baba Mmeru, mama Mmeru, jina la pili Kathure. Maneno hayo mawili, Sabo na Gona, niliyajua kwa kuyasikia nikiwa mtoto, kama vile mtu anajua majina ya timu za mpira bila kujua kwa nini wanapiga firimbi. Ningesema, "Pole, mimi si Mborana." Ni maneno manne tu. Lakini jua lilikuwa limenichapa, mikono ilikuwa inaniuma kwa sababu ya sanduku, na nyuma yake niliona kitanda kipana chenye shuka la maua.

"Gona," nikasema.

"Wallahi? Mimi pia!" Akatupa kiatu, akanyakua godoro langu. Hakuuliza zaidi. Jina lake lilikuwa Kabale, na kuanzia saa hiyo nilikuwa dada yake.

Chumba kilikuwa na dabo deka mbili, vile vitanda vya kupandana, na dirisha moja lililoingiza vumbi kuliko hewa. Kulinuka udi wa Kabale, mafuta ya nywele, na kitunguu, kwa sababu msichana wa kitanda cha pili, Kendi, alikuwa anapika kwa koili ya umeme aliyoificha ndani ya begi la vitabu. Koili ilikuwa marufuku. Kila tulipokaanga kitu mmoja wetu alisimama mlangoni, na akimwona matroni anaimba nyimbo za kanisani kwa nguvu, na hiyo ndiyo ilikuwa ishara ya kuzima. Kabale, Mwislamu safi, aliziimba vizuri kuliko sisi sote. Kutoka kwao kulikuja mkebe wa nyirinyiri, nyama ndogo ndogo zilizokaangwa zikahifadhiwa ndani ya samli, na jioni alinipa kijiko changu kabla ya chake. Wiki ya pili matroni alipita kukagua akanikuta nimekaa kitandani.

"Na huyu ni nani?"

"Dada yangu," Kabale akasema.

"Wa mama mmoja?"

"Wa Gona."

Matroni akaugua. "Nyinyi watu mko na dada wengi kuliko vitanda." Akaenda zake. Nami nikabaki na kijiko mdomoni, nikijua sasa kwamba neno langu moja ndilo lililoshikilia kitanda, nyama, na huyu msichana ambaye tayari nilikuwa nampenda.

Kendi alinigundua mapema. Alikuwa Mmeru kama mimi, mtu wa mizaha, anayecheka kabla hujamaliza kusema. Siku moja nilikuwa nyuma ya bafu naongea na mama kwa simu, nikidhani niko peke yangu, na nilipogeuka nikamwona ameegemea ukuta na beseni kiunoni.

"Ala! Mborana huyu Kimeru chake kimenyooka hivyo?"

"Kendi, tafadhali."

"Tafadhali ya nini? Mimi sijasema kitu." Akatabasamu meno yote. "Lakini kesho ukisikia jerikeni ya kwanza, amka na yangu pia. Mgongo unaniuma."

Mgongo wake uliuma muhula mzima. Nilikuwa nabeba jerikeni mbili, moja kila mkono, na Kabale akiniona anasema, "Maskini dada yangu, moyo wake mzuri mpaka anateka maji ya Mmeru." Kendi alikuwa anajifunika shuka usoni ili asicheke kwa sauti.

Sasa Guyo. Alikuwa anasomea ufundi wa magari na tulikutana kwa foleni ya chakula. Alikuwa na tabia ya kula githeri kwa zamu: kwanza mahindi yote, moja moja, halafu maharagwe yabaki pembeni kama watoto wanaongoja kuitwa. Nilimwuliza kwa nini. Akasema, "Nikichanganya sijui ninakula nini." Mimi, mtu wa upishi, nilipaswa kukasirika. Badala yake nikaenda darasani nikakata kitunguu chote bila kukiona. Siku ya tatu aliniwekea nafasi kwenye benchi, akaniuliza jina, akaniuliza kama nina mtu. Alikuwa anaangalia sahani yake akiuliza. Nilikuwa nimefungua mdomo nijibu, ndipo Kabale akatokea na trei yake.

"Guyo! Koma kabisa. Huyo ni dada yako."

"Dada yangu vipi?"

"Gona kama sisi. Wa Biliqo."

Niliona uso wake ukibadilika. Haukuwa wa hasira wala wa aibu. Ulikuwa kama uso wa mtu aliyekuwa karibu kukanyaga mtoto aliyelala. Akasogea kwenye benchi nafasi ya mkono mmoja. "Samahani, dada," akasema. Kesho yake aliniletea chapati ya moto imefungwa kwa gazeti, na kesho kutwa pia. Akanirekebishia kufuli ya sanduku. Kijana mmoja aliponipigia mluzi getini, Guyo alienda kuongea naye na mluzi haukurudi tena. Kila kitu ambacho msichana anaota kijana amfanyie, alinifanyia, lakini kwa mlango usio wenyewe. Nikilala nilikuwa najiambia: kesho nitasema. Halafu Kabale ananifunika na leso yake kwa sababu upepo wa dirisha ulikuwa upande wangu, na kesho inapita.

Mwisho wa muhula wa kwanza Kabale alinipeleka kwa shangazi yake, dada wa baba yake. Shangazi Talaso aliuza maziwa ya ngamia sokoni. Usifikirie mama mpole wa kutoa baraka. Alikuwa mwembamba, mkali, anaongea na wateja wawili na simu moja kwa wakati mmoja, na alimtukana dereva wa pikipiki aliyechelewesha maziwa mpaka dereva akaanza kucheka mwenyewe. Alinitazama kutoka viatu kupanda juu.

"Baba yako ni nani?"

Nikataja jina la mzee mmoja wa Biliqo, Mungu anisamehe, jirani yetu.

"Ukoo gani? Mlango gani wa ukoo? Nyumba ya nani?"

Nilijua maswali hayo yana majibu. Niliwahi kuwasikia watoto wenzangu wakiyajibu harakaharaka kama kuhesabu. Mimi nilisimama pale, jasho linanitoka kwapani, nikasema, "Nimesahau, Shangazi." Mborana kusahau nyumba yake! Kabale alikuwa anaongea na muuza ndizi, hakusikia. Shangazi akampimia mteja mmoja, akangoja aondoke. Kisha akachukua kikombe, akamimina maziwa yenye harufu ya moshi, akanipa.

"Kunywa."

Nikanywa kidogo.

"Yote."

Nikanywa yote. Akapokea kikombe, akakigeuza chini juu kuona kama kuna tone, akarudi kwa simu yake. Nilitembea hadi hosteli nikidhani nimefaulu mtihani. Lakini nilipokaa kitandani nikajiuliza: nimefaulu vipi na sikujibu hata swali moja?

Muhula wa tatu, Guyo alinitafuta akanikuta nyuma ya jiko la chuo nikimenya viazi. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Akachukua kiazi, akakizungusha.

"Dada, nataka unishauri. Kuna msichana wa ushonaji. Ni Sabo, nimeuliza kwanza." Akacheka. "Nimejifunza kuuliza kwanza."

"Halafu?"

"Nimwambie kabla tufunge ama ningoje?"

Nilimwambia angoje. Nilimwambia msichana mzuri haharakishwi, nikampa na sababu tatu ambazo sizikumbuki, zote za uongo. Akaniamini. Akaniambia, "Mungu alinipa dada wa maana," akaenda anapiga mbinja. Viazi vyote nilivyomenya siku hiyo vilibaki vidogo kama mayai ya kwale, na mwalimu akaniuliza kama nina homa.

Basi nikaamua. Jumamosi mchana mimi na Kabale tulikuwa tunakamua mashuka, yeye ameshika ncha moja mimi nyingine, tunapinda kila mtu upande wake. Nikasema, macho kwa shuka, "Kabale, mimi si Gona. Mimi si Mborana kabisa. Mimi ni Mmeru, naitwa Kathure. Nilitaka kitanda."

Hakuacha kukamua. "Pinda zaidi, bado linatoa maji."

"Umesikia?"

"Nimesikia. Najua."

"Unajua nini?"

"Kwamba wewe ni Mmeru. Shangazi aliniambia jioni ile ile ya maziwa. Alisema, 'Huyo mtoto wako amenidanganya mpaka jasho likamtoka. Hana mtu hapa mjini. Mshike.'" Akavuta shuka kutoka mikononi mwangu, akalitundika kwa kamba. "Akawaambia wazee wetu wawili pale sokoni. Wakakuombea dua ya kukupokea, ukawa mtoto wa Gona. Wewe ulikuwa darasani, sijui mnapika mandazi."

Nikakaa kwenye beseni. Miezi yote hiyo nilikuwa nabeba uongo kama jerikeni, kumbe wenyewe walishaupokea, wakaumwaga, wakaweka kitu kingine ndani, bila kuniambia. Niliona aibu na niliona raha, na katikati ya hizo mbili nikaona tundu dogo la mwanga. Nikaona haya kusema lakini nikasema.

"Kwa hivyo Guyo... Si sasa Guyo anaweza..."

Kabale alinigeukia na kibanio cha nguo mdomoni. Akakitoa. "Guyo gani? Guyo ni ndugu yako."

"Lakini mimi ni Mmeru!"

"Ulikuwa," akasema.

Nilicheka. Nilicheka mpaka Kendi akatoa kichwa dirishani kuuliza nani amekufa. Halafu nikaona Kabale hacheki. Alikuwa anatazama maji yaliyomwagika chini, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue sauti yake ilikuwa ndogo. "Unampenda kweli?" Nikasema ndiyo. "Tangu lini?" Nikasema tangu mahindi. Hakunielewa. Akasema, "Basi nenda kwa Shangazi. Mimi siwezi hiyo."

Nikaenda peke yangu Jumatatu baada ya darasa. Nilimweleza Shangazi Talaso yote, nikiwa nimechuchumaa kati ya mitungi yake, yeye akiendelea kupimia watu. Nilidhani atanifukuza. Aliniuliza tu, "Yeye anajua?"

"Hajui."

"Anakupenda?"

"Alianza. Kisha akaambiwa mimi ni dada yake."

"Akaacha?"

"Akaacha siku hiyo hiyo."

Akatikisa kichwa, sijui kwa kumsifu Guyo ama kwa kunihurumia. "Sikiliza. Sikukufunga kamba. Ukitaka kutoka, niambie, nitaongea na wale wazee. Hawatakasirika, watasema mtoto wa watu amerudi kwao. Utakuwa Mmeru wako mzuri, na ukimtaka kijana, mtafute kama Mmeru anavyomtafuta. Lakini mimi siwezi kukuita mwanangu leo na kesho nikupigie vigelegele kama bibi ya kijana wetu wa Gona. Kichwa changu ni cha zamani, hakitageuka. Na Kabale," akafunika mtungi, "Kabale hana dada mwingine. Hilo unalijua? Amezaliwa katikati ya wavulana sita."

Sikulijua. Mwaka mzima nimelala naye kitanda kimoja, na sikulijua.

"Niambie kabla mfunge," akasema. "Na usinililie hapa, wateja watafikiri maziwa yameharibika."

Hapo ndipo nilipo hadi leo, ukitaka ukweli. Watu husema ukiwa na uamuzi mkubwa moyo hukuambia. Moyo wangu haukuniambia kitu. Siku moja ulisema Guyo, siku nyingine ukasema Kabale, na siku nyingi ulisema chai. Nilimwuliza Kendi, akasema, "Mimi niko upande wa yule atakayeendelea kuniletea maji." Nilimwomba Mungu, na nikajikuta katikati ya sala nikipanga menyu ya harusi ambayo sikujua ni ya nani. Sikujua kama Guyo angenitaka tena akijua. Labda angenitaka. Labda angenitazama kama mwongo tu, na angekuwa na haki. Nilipokuwa matangani mwaka huu nikishikana mikono na watoto wake, nilitafuta usoni mwao kitu cha kunijibu. Walikuwa watoto tu. Mdogo alikuwa na njaa.

Siku ya kufunga chuo, korido ilijaa masanduku na kelele. Kendi aliondoka wa kwanza, akaniachia koili kama urithi. Kabale alikuwa amesimama mlangoni, mzigo kichwani, kaka zake wawili wanamngoja getini. Hakuniuliza nimeamua nini. Alisema tu, "Sara, mimi naenda," na akabaki amesimama, kama mtu aliyesahau kitu chumbani na hakumbuki ni kitu gani. Nikamwambia, "Nenda, nitakupigia nikifika." Akaitikia kwa kichwa, akaenda, na nilisikia kandambili zake mpaka mwisho wa korido.

Nikakaa kwenye kitanda kisicho na shuka, chuma na mbao tu. Nikatoa simu. Jina la Guyo lilikuwa limeandikwa "G" na alama tatu za moyo, nyekundu, nilizoweka wiki ile tulipokutana na sikuwahi kumwonyesha mtu. Nikafuta moyo wa kwanza. Nikafuta wa pili. Kwenye wa tatu kidole kilikaa, kikakaa, mpaka kioo kikazima na ikabidi nikiwashe tena. Nikaufuta. Nikaandika, herufi moja moja, "Kaka Guyo", nikabonyeza pale pa kuhifadhi, nikaweka simu kifudifudi juu ya mbao, nikaanza kufunga godoro langu kwa kamba.